Boti ya Mto Kongo peke yako, jipange hivi

Mdogo wangu, umesema upo Ngamiani, Tanga, una likizo ya mwezi mmoja na unataka ubebe begi lako la mgongoni ukapande boti Kisangani mpaka Kinshasa, hujui uanzie wapi. Kwanza hiyo sio waja leo warudi leo, ni kama kilomita 1,700 za mto katikati ya msitu, boti inakwama kwenye mchanga, injini inakufa, wiki mbili zinakatika bado upo majini, kwa hiyo siku ongeza.

Na kufika Kisangani panda ndege, barabara za mashariki ya Kongo kuna vita.

Chanjo ya homa ya manjano choma mapema, siku 10 kabla ya safari, kadi usiisahau. Dawa za malaria muone daktari, neti beba yako. Dola chukua noti mpya, yenye kamchaniko kadogo tu kule wanaikataa.

Begi sasa ndo penyewe. Mimi nilipanda mtumbwi Mto Pangani nguo nimefunga kwenye rambo, boti ikapita mbio, wimbi moja tu, simu na pasi chapachapa. Tangu hapo natembea na ndoo ya rangi ya lita 20 yenye mfuniko wa kubana, watu wanacheka, lakini maji hayaingii na kiti ndo hicho hicho.

Jaketi la kuokolea nunua huku huku. Kisangani Kiswahili kinapanda, ukiteremka chini ni Kilingala. Na boti ukiona imejaa kupita kiasi we shuka, subiri nyingine.