Chanzo kinavuja, au shata imekwama? Kwa maafisa wapya wa usalama wa mionzi Kanda ya Ziwa

Wadogo zetu mnaoanza kazi migodini, hospitalini na kwenye kampuni za barabara huku Mwanza na Geita, karibuni. Kozi mmemaliza, beji za kupima dozi mnazo kifuani, leseni ya mwajiri iko ukutani. Sasa tuongee kuhusu ripoti zenu. Kila mwaka wanaingia watu wapya, na makosa yanabaki yaleyale.

1. "Kiwango cha mionzi ni 3." Tatu nini? Nguvu ya chanzo (dutu inayotoa mionzi) huandikwa kwa bekereli, dozi ya mtu kwa siveti, na hali ya mahali kwa mikrosiveti kwa saa. Sevei mita, kifaa cha mkononi cha kupimia mionzi, ikisoma mikrosiveti 20 kwa saa kando ya bomba, fundi hajapata 20. Akisimama hapo dakika 15 amepata 5. Tena kwa kuwa kibodi haina µ (mikro), mnaandika m (mili) na kuendelea na chai. Hapo mmezidisha mara 1,000, na meneja anasimamisha mtambo kwa herufi moja. Andikeni neno zima.

2. "Chanzo kinavuja." Hili ndilo linaloumiza, kwa hiyo vumilieni, nitakaa hapa.

Mtambo wa dhahabu umezimwa kwa matengenezo. Shata, yaani kifuniko kinachozuia mionzi ya chanzo isitoke, ya geji ya kupimia uzito wa tope haifungi, na sevei mita inapiga kelele mbele ya bomba. Afisa mpya anaandika kwamba chanzo kinavuja, anatuma. Kwa lugha ya udhibiti, chanzo kilichofungwa huvuja pale tu dutu yenyewe, mara nyingi sesiamu-137 kwenye geji za aina hii, inapotoka nje ya kapsuli yake. Huo ni uchafuzi. Basi wanaopokea ujumbe wanajiandaa kwa uchafuzi: glavu, nguo za kutupwa, mafundi wanapelekwa kuoga, wengine wanatumwa kufunga bomba kwa plastiki. Shata bado iko wazi. Hao wanaofunga plastiki wamesimama kwenye mwali wenyewe wa mionzi, na glavu ya mpira haizuii mionzi ya gama hata kidogo. Ripoti ingesema "shata imekwama ikiwa wazi", wangebaki mbali.

Shata iliyokwama haitaki maji wala sabuni. Inataka umbali. Pima, zungushia utepe, weka mtu wa kulinda, na usiruhusu yeyote aingie ndani ya tangi au afungue bomba. Kisha mjulishe mwenye leseni, Tume ya Nguvu za Atomu na fundi aliyeidhinishwa. Usiigonge kwa nyundo. Shata nyingi hukwama kwa sababu ya kutu na tope lililoganda kwenye ekseli, na tope hilo halikuja jana: ratiba ya kufungua na kufunga shata imo kwenye leseni, lakini daftari lina saini tu.

Na aliyepita mbele ya mwali? Amepigwa na mionzi, hajachafuka. Hana cha kuoshwa wala hawezi kumwambukiza mkewe. Andika alisimama wapi na kwa muda gani, kadiria dozi, peleka beji yake ikasomwe.

Kuvuja hasa hujulikana kwa kipimo cha kufuta. Funga shata, ithibitishe kwa sevei mita, tia kufuli. Chukua karatasi ya chujio iliyoloweshwa spiriti, ishike kwa koleo, pangusa maungio ya kasha na kingo za shata. Kapsuli yenyewe haiguswi. Kila karatasi iingie mfuko wake wenye namba ya chanzo. Ukaisomee mbali na geji, la sivyo utakuwa unapima geji. Ikizidi bekereli 200, sasa andika kinavuja, na hapo glavu zina kazi.

Wa hospitalini nanyi mna kuvuja kwenu: mionzi inayopenya kasha la tyubu ya eksirei wakati inapiga, isiyotakiwa kuzidi miligrei 1 kwa saa ukiwa mita 1. Tafadhali msiende na karatasi ya spiriti. Ukizima umeme hakuna kitu cha kupangusa.

3. Pima hali ya kawaida ya mahali kabla ya kulalamika. Mwanza imejengwa juu ya granaiti, na granaiti ina urani, thori na potasiamu-40 kiasili. Sevei mita ikipanda kidogo ukiegemea jiwe la Capri Point, usiandike "uchafuzi".

4. Namba ya usafirishaji kwenye lebo ya kifurushi chenye chanzo si asilimia, wala si dozi ya dereva. Ni kipimo cha juu kabisa mita 1 kutoka kwenye kifurushi, kwa mikrosiveti kwa saa, ukigawa kwa 10: ukipata 5, namba ni 0.5. Isipozidi 1, na usoni pa kifurushi pasizidi mikrosiveti 500 kwa saa, hiyo ni lebo ya daraja la Njano-II. Geji ya barabara ya kupima unyevu pia hutoa nyutroni kutoka amerisiamu na berili, ambazo sevei mita yako ya kawaida haizioni, kwa hiyo namba itoke kwenye hati za mtengenezaji. Ukivuka kwenda Ukerewe mwambie nahodha kabla ya kupakia, na sanduku likae mbali na abiria.

5. Kikomo cha dozi ni cha mfanyakazi (milisiveti 20 kwa mwaka kwa wastani wa miaka 5, bila kuvuka 50 mwaka wowote) na cha umma (1). Mgonjwa hana kikomo. Ana daktari anayepaswa kueleza kwa nini kipimo kinahitajika.

6. "Chanzo kimekwisha." Sesiamu-137 hupungua nusu kila miaka 30 hivi, kwa hiyo geji iliyowekwa kazini 1996 bado ina karibu nusu ya nguvu yake. Kisichotumika si taka, na bado kiko chini ya leseni yako. Goiânia, Brazili, mwaka 1987, chanzo cha sesiamu kilichoachwa kwenye kliniki tupu kilifika kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na watu 4 wakafa. Wanunuzi wa chuma Mwanza hawana haja ya kuelekezwa njia. Kwenye rejista andika "hakitumiki", namba ya chanzo, nguvu na tarehe ya nguvu hiyo, kabati kilipo na nani ana ufunguo, halafu anza barua ya kukirudisha kwa mtengenezaji kabla mradi haujafungwa na mhasibu hajaondoka.