Ukurugenzi wa jiji hauombwi, lakini unaandaliwa

Mkuu, umeuliza kama mhitimu wa mipango miji anaweza kuwa Mkurugenzi wa Jiji la Mwanza na kulibadilisha. Anaweza, ila kiti hicho hakitangazwi gazetini: mkurugenzi anateuliwa na Rais. Meya ndiye anachaguliwa, tena na madiwani wenzake.

Ukiteuliwa, wewe ni katibu wa Baraza la Madiwani na afisa masuuli, mwenye kuwajibika kwa fedha za halmashauri, yaani hoja za CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) zinakugonga wewe. Hapo ndipo wengi wanakwama. Chukua mfano wa Mto Mirongo, unaopita mjini Mwanza. Mvua ikinyesha, takataka zote za mabondeni zinasombwa kuelekea ziwani, na kwenye mtaa wa Mabatini maji yanaingia ndani kwa watu. Kuusafisha siku moja na kupiga picha si kazi. Kazi ni huduma ya kuzoa taka ifike hata kwa mama anayeishi juu kabisa kwenye mawe, ambako hakuna barabara, watu wanapanda ngazi za mawe tu. Hilo linataka bajeti, madiwani waliokubali, na wenyeviti wa mitaa wanaokuamini. Mimi kwa kweli ningempima mkurugenzi yeyote kwa hilo kabla ya stendi na masoko mapya.

Kwa hiyo anzia halmashauri yoyote, hata ya wilaya, ujifunze fedha na manunuzi, maana ramani unazijua tayari. Na mikutano ya baraza iko wazi kwa wananchi, kaa nyuma usikilize wanavyobishana kuhusu mapato ya ndani.