Churchill akiwa jukwaani
Umeuliza ni mchekeshaji yupi tuliyemwona ana kwa ana akatufurahisha kuliko wote. Kwangu ni Daniel Ndambuki, yaani Churchill, niliyemtazama pale Carnivore, Nairobi, kipindi chake kilipokuwa kikirekodiwa. Kwenye runinga huoni vizuri anavyonyamaza, kipaza sauti amekishusha hadi kifuani, akiwasubiri watu wa viti vya nyuma wamalize kucheka ndipo aendelee, wala huoni anavyowashangilia kwa dhati chipukizi anaowakaribisha, ambao baadhi yao, akiwemo Eric Omondi, walipata umaarufu kupitia jukwaa lake. Wa pili ni Anne Kansiime wa Uganda, ambaye uso wake pekee, kabla hajatamka neno, hutosha kuwavunja watu mbavu.