Game Boy ya mwaka 1989: niibadilishe au niiache ilivyo?

SWALI: Shikamoo fundi. Mjomba ameniachia Game Boy ya kwanza, ile mashine nene ya kijivu ya Nintendo ya kuchezea michezo mkononi. Inawaka na kucheza, ila kwenye kioo mistari kadhaa ya wima imepotea. Nataka kuiwekea kioo kipya chenye mwanga, betri ya lithiamu na tundu la kutolea sauti, niitumie kutengenezea muziki. Wenzangu wanasema nitaiharibu bure. Je, inafaa?

JIBU: Marahaba. Inafaa, lakini si yote matatu, na usianze na kioo. Mashine ya umri huu naipima kwa swali moja: nikitaka kuirudisha ilivyokuwa, nitaweza?

Kwanza mistari. Mara nyingi kioo chenyewe ni kizima. Kwenye ukingo wake wa chini kuna utepe wa nyaya uliobandikwa kwa joto, na miaka inavyokwenda ule mbandiko unaachia. Fungua kava (skrubu zake zinataka bisibisi ya ncha yenye mikono mitatu), washa mashine ikiwa wazi, kisha pitisha ncha ya chuma cha kulehemia juu ya utepe, pale unapokutana na kioo. Joto liwe la chini, mkono uwe mwepesi. Utaona mstari mmoja mmoja unarudi. Usitulie mahali pamoja, maana utepe ukiungua hautengenezeki. Ukiwa humo ndani, sugua vyuma vya betri kwa pamba yenye siki kidogo kama vimeota ukungu, uvikaushe vizuri.

Sauti ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote hapa. Chipu ya Game Boy ina njia nne: mbili za mawimbi ya mraba, moja ya wimbi unalolichora mwenyewe, na moja ya mchakacho unaofaa kwa ngoma. Kwa hizo nne tu watu wanapiga muziki jukwaani, wakitumia programu kama Nanoloop au LSDj ya Johan Kotlinski wa Sweden. Tundu la hedifoni ulilonalo linatoa sauti ya kushoto na kulia, lakini imeshapita kwenye amplifaya ndogo ya ndani na kubeba mvumo. Dawa yake ni nyaya tatu: kushoto, kulia na ardhi (waya hasi), zikichukuliwa kwenye miguu ya kile kidude cha kupandisha sauti, kabla ya amplifaya. Ukizichomoa, mashine imerudi kama zamani. Ila kava la mjomba usilitoboe. Yapo makava mapya ya kuiga. Toboa hilo, la asili lifungie kabatini.

Betri ya lithiamu achana nayo. Mashine inakula betri nne za AA, na zile za kuchaji za NiMH, volti 1.2 kila moja, zinaiendesha vizuri bila kukata chochote.

Kioo kipya chenye mwanga, cha aina ya kisasa iitwayo IPS, kinapendeza, sikatai, hasa usiku, kwa kuwa cha asili hakina mwanga wake kabisa. Lakini kinamaliza betri haraka, na baadhi ya seti zinakutaka ukate nguzo za plastiki ndani ya kava. Mistari ikikataa kurudi, kiweke, kwenye kava la kuiga. Njia ya kubandua karatasi inayoakisi mwanga nyuma ya kioo cha zamani sikushauri, ikishatoka hairudi.

Wapo wanaong'oa ubao wote wa mashine inayofanya kazi vizuri wakapachika kompyuta ndogo ya Raspberry Pi ndani. Hilo linaniuma. Kwa kazi hiyo tafuta iliyokwisha kufa.

Na kabla hujalehemu lolote, jaribu tundu la waya wa kuunganishia mashine mbili, lililo ubavuni. Linafanya kazi kwa volti 5, sawa na Arduino Uno, ubao mdogo wa kielektroniki unaopangiwa kazi kwa programu. Mradi uitwao Arduinoboy unalitumia kuunganisha LSDj na vyombo vya MIDI (lugha ambayo vyombo vya muziki vya kielektroniki vinawasiliana nayo), kwa hiyo kinanda chako na Game Boy vitakwenda mdundo mmoja, na kava hujalifungua.