Waholanzi waliteka miji, nchi ikawashinda

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kama taifa changa, lisilo na jeshi la maana, linaweza kumshinda vitani mkoloni aliyelitawala. Jibu langu ni kwamba linaweza kumshinda hata bila kumpiga, ila ushindi wa namna hiyo huja na gharama zake, na mfano wangu ni Indonesia, iliyokuwa koloni la Uholanzi, kuanzia mwaka 1945 hadi 1949.

Sukarno na Hatta, viongozi wa harakati za uhuru waliokuja kuwa rais na makamu wake, walitangaza uhuru tarehe 17 Agosti 1945, siku mbili baada ya Japani, iliyoikalia nchi hiyo wakati wa Vita Kuu ya Pili, kutangaza kusalimu amri, wakati Waholanzi wenyewe ndio kwanza wametoka chini ya Wajerumani na hawakuwa na jeshi la kurudi nalo. Mwezi uliofuata, Waholanzi waliokuwa katika Hoteli Yamato mjini Surabaya walipandisha bendera yao. Vijana wa mji walikwea juu, wakachana ukanda wa buluu wa chini, zikabaki rangi nyekundu na nyeupe, yaani bendera ya Indonesia. Novemba mji huohuo ulishambuliwa na majeshi ya Uingereza, yaliyokuwa yamekuja kuwanyang'anya Wajapani silaha, na baada ya takriban wiki tatu za mapigano ukatekwa. Kwa hesabu za kijeshi Waindonesia walishindwa, lakini baada ya hapo ilikuwa vigumu kwa yeyote kudai kwamba jamhuri hiyo ni kibaraka tu kilichoachwa na Wajapani.

Uholanzi ilikuja kupeleka zaidi ya askari 100,000, na mashambulizi yake makubwa mawili, la Julai 1947 na la Desemba 1948, iliyaita operesheni za polisi ili yaonekane kuwa ni mambo yake ya ndani. La pili ndilo linalojibu swali lenu. Tarehe 19 Desemba 1948 askari wa miavuli walishuka Yogyakarta, mji mkuu wa jamhuri, wakauteka siku hiyohiyo na kuwakamata Sukarno na Hatta. Jenerali Sudirman, mkuu wa jeshi la jamhuri, aliyekuwa mgonjwa wa kifua kikuu na pafu moja tu likimfanyia kazi, alikataa kukamatwa. Aliingia msituni na kwa miezi kadhaa akabebwa kwa machela kutoka kijiji hadi kijiji huku akiongoza vita. Huko Sumatra, Sjafruddin Prawiranegara, waziri wa jamhuri, aliunda serikali ya dharura. Waholanzi walikuwa na mji mkuu na rais mkononi, na bado hawakupata mtu wa kutia sahihi kwamba vita vimekwisha. Tarehe 1 Machi 1949 wapiganaji wa jamhuri waliingia Yogyakarta mchana kweupe, wakaushikilia mji kwa saa zipatazo sita, kisha wakaondoka. Kijeshi lilikuwa jambo dogo, lakini lilitosha kuonyesha kwamba jamhuri haijafa.

Nje ya uwanja wa vita nako mambo yalikuwa yamebadilika. Septemba 1948 jamhuri ilikuwa imezima uasi wa wakomunisti huko Madiun, mji wa kisiwa cha Java, na Marekani, ambayo awali iliwaachia Waholanzi wajiamulie, ikaanza kuwaona akina Hatta kama watu wa kufanya nao kazi. Uholanzi iliyokuwa ikijijenga upya kwa fedha za Mpango wa Marshall, yaani msaada wa Marekani wa kuijenga Ulaya baada ya vita, haikuweza kupuuza vitisho vya kukatiwa msaada, na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikwisha kutaka viongozi waachiliwe. Hata hivyo sikubaliani na wanaosema kwamba Washington ndiyo iliyoleta uhuru huo, kwani pasingekuwa na vita vya msituni pasingekuwa na jambo la kushinikiza.

Mamlaka yalikabidhiwa tarehe 27 Desemba 1949, na hapo ndipo gharama nilizozitaja zilipoonekana. Katika mazungumzo ya The Hague, mji wa Uholanzi, Indonesia ilikubali kubeba madeni ya gilda zipatazo bilioni 4.3 ya serikali ya kikoloni, ile ile iliyokuwa ikipigana nayo, ingawa wajumbe wake walipinga kulipia operesheni za kijeshi zilizofanywa dhidi yao. Papua Magharibi, yaani nusu ya magharibi ya kisiwa cha New Guinea, ilibaki mikononi mwa Uholanzi, ikaja kuachiliwa kwa mkataba wa mwaka 1962 baada ya pande hizo mbili kukaribia kupigana tena. Kuhusu deni, Indonesia iliendelea kulipa hadi mwaka 1956, ilipoyavunja makubaliano ya The Hague na kukataa kulipa kilichosalia.