Kubadilisha oili ya giaboksi ya pikipiki ya umeme nyumbani: ushauri kwa anayeanza

Kabla hujanunua oili, hakikisha kwanza kwamba pikipiki yako ina mahali pa kuitia. Anayetoka kwenye pikipiki ya petroli huambiwa kwamba kwenye umeme ameagana na oili, na kwa pikipiki nyingi kauli hiyo ni ya kweli. Ikiwa mota imo ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma na inalizungusha moja kwa moja, au ikiwa mota inavuta mkanda bila gia yoyote katikati, kama zilivyo pikipiki za Zero, hakuna tone la kubadilisha. Ila zipo pikipiki ambazo mota yake huzunguka kwa kasi kubwa kuliko gurudumu linavyohitaji, na kati ya mota hiyo na mnyororo au mkanda pamewekwa boksi dogo la gia za kupunguza kasi. Energica za Italia zimeundwa hivyo. LiveWire ya Harley-Davidson, iliyoingia sokoni mwaka 2019, imelaza mota yake kwa urefu wa pikipiki, hivyo inahitaji gia za pembe ili mzunguko ugeuke na kuelekea kwenye mkanda. Brammo Empulse ya Marekani ilikwenda mbali zaidi, ikawa na giaboksi kamili ya gia sita pamoja na klachi. Zote hizo zina oili, na oili hiyo ina siku yake ya kutoka.

Kitabu cha mwongozo ndicho kinachomaliza ubishi. Kitasema kama boksi linafunguliwa na mwenye pikipiki au limefungwa kwa maisha yake yote, oili ni ya aina gani, kiasi gani, na baada ya kilomita ngapi. Ukitazama pikipiki yenyewe, dalili ziko kwenye ganda lililo kati ya mota na sproketi ya mbele, yaani gurudumu dogo la meno linalovuta mnyororo au mkanda: boliti moja chini kabisa ya kumwagia, nyingine juu ya kujazia, na pengine ya tatu ubavuni ya kupimia kiwango, au kioo kidogo cha duara badala yake. Usifungue yoyote kwa kukisia. Pikipiki inayopoza mota yake kwa maji ya rejeta nayo ina boliti ya kumwagia maji hayo, ambayo inaweza kuwa jirani kabisa na ile ya oili, na kuna boliti zinazoshika mfuniko wa mota ambazo hazimhusu hata kidogo mtu aliyekuja kubadilisha oili. Tafuta mchoro wa modeli yako hasa, kwa kuwa mwaka mmoja wa toleo unatosha kuhamisha boliti kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Wapo wanaouliza, kwa dharau kidogo, oili isiyokutana na moto wala masizi inachafuka vipi. Ni kweli kwamba haichafuki kama ya injini, ndiyo maana hukaa muda mrefu zaidi. Inachobeba ni chuma. Meno ya gia mpya hulainishana katika kilomita za mwanzo, na unga unaotoka hapo hauna pa kwenda, kwa sababu maboksi mengi ya aina hii hayana filta. Yana sumaku ndogo kwenye boliti ya chini, basi. Kwa hiyo oili ya kwanza, ile iliyotoka kiwandani, ndiyo yenye haraka ya kutolewa kuliko zote zitakazofuata, na anayeiahirisha kwa kuwa pikipiki bado ni mpya anaahirisha lile badiliko lililohitajika zaidi. Ongeza hapo kwamba mota ya umeme hutoa nguvu yake kubwa tangu gurudumu linapoanza kuzunguka, na kwamba breki ya kurudisha umeme kwenye betri husukuma meno ya gia kwa upande wake wa pili kila unapoachia akselereta. Meno hayo hubebeshwa mzigo pande zote mbili, safari nzima, na kinachoyatenganisha ni utando mwembamba wa oili.

Katika kuchagua oili, wanaoanza huteleza kwenye namba. Namba za oili ya gia hazilingani na za oili ya injini, kwani kila moja ina kipimo chake. Oili ya gia ya 75W-90, ikiwa na joto la nyuzi 100 za Selsiasi, ina uzito, yaani unene wake inapotiririka, unaokaribiana na oili ya injini ya namba 40 au 50, wala si mara mbili yake kama namba inavyodhaniwa kusema. Herufi za GL, ambazo ni daraja la oili ya gia, nazo zina maana: GL-5 ina viambato vingi zaidi vya salfa na fosforasi kuliko GL-4, vya kulinda gia zinazosuguana kwa mzigo mkubwa, na baadhi ya viambato hivyo vinaweza kula shaba na madini ya jamii yake joto linapopanda. Kwenye boksi lililounganishwa na mota, ambayo ndani yake imejaa nyaya za shaba, hilo si jambo la kupuuza. Simaanishi kwamba GL-5 ni mbaya. Ikiwa mtengenezaji ameitaja, tia hiyo hiyo. Ninachokataa ni hoja ya muuzaji kwamba namba kubwa zaidi lazima iwe bora zaidi. Alama ya JASO MA, ambayo mwendesha petroli amezoea kuitafuta, inahusu klachi inayooga ndani ya oili, na pikipiki isiyo na klachi hiyo haina haja nayo.

Kazi yenyewe huanza kwa kuituliza pikipiki. Endesha mwendo mfupi ili oili ipate uvuguvugu na unga wa chuma uliotuama chini uchanganyike nayo, kisha zima, chomoa chaja kama ilikuwa imechomekwa, na uweke ufunguo mfukoni mwako, sio juu ya meza. Pikipiki ya umeme iliyowashwa haina mngurumo wa kukuonya; mtu akigusa akselereta huku vidole vyako viko karibu na mnyororo, utajua gurudumu limeanza kuzunguka baada ya kuumia. Nyaya nene zenye ganda la rangi ya machungwa zinabeba umeme wa nguvu kubwa, na katika kazi hii hakuna sababu yoyote ya kuzigusa, kuzisogeza wala kuzitumia kama mahali pa kuegemeza mkono. Isimamishe pikipiki wima juu ya stendi imara, kwenye sakafu iliyosawazika, ukikumbuka kwamba betri huifanya iwe nzito kuliko inavyoonekana. Pikipiki iliyolala kwenye stendi ya pembeni hubakiza oili ya zamani kwenye kona moja na kukudanganya unapopima mpya.

Futa vumbi kuzunguka boliti zote mbili kabla ya kuzigusa, kisha fungua ya juu kwanza. Huu ni utaratibu usio na mjadala kwangu. Boliti ya kujazia inaweza kuwa imeganda au kichwa chake kimeliwa, na ni afadhali uligundue hilo oili ikiwa bado ndani, uifunge tena na kuitafutia ufumbuzi, kuliko kubaki na boksi tupu lisilojazika. Ikifunguka, weka chombo kisafi chini, vaa glavu, ulegeze boliti ya chini kwa soketi inayoikamata sawasawa, na mizunguko ya mwisho uimalizie kwa vidole huku ukiisukuma kuelekea juu, ili isidondoke ndani ya chombo pamoja na oili. Acha itiririke hadi ibaki kutona, tone moja moja kwa kitambo. Usiiharakishe kwa kuwasha mota ili gia zizunguke. Ukitaka kuzitikisa, zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono, taratibu.

Hapo ndipo kazi inapokuwa na maana, na wengi wanapita haraka kwa kuwa wanaona wamebakiza kujaza tu. Chukua boliti yenye sumaku uitazame kwenye mwanga. Utando laini wa kijivu, unaopakika kwenye kidole kama wanja bila kukwaruza, ni uchakavu wa kawaida, hasa kwenye badiliko la kwanza. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha ni habari nyingine: kigamba bapa kinachong'aa mara nyingi kimebanduka kwenye uso wa jino la gia au njia ya beringi, na kipande kinene chenye pembe ni sehemu ya jino lenyewe. Ukiona hivyo, tia oili mpya ikiwa lazima uisogeze pikipiki, lakini usiende nayo safari. Boksi linataka kufunguliwa na fundi. Kisha tazama oili. Rangi nyeusi kidogo haina neno. Rangi ya maziwa ni maji, na kwenye pikipiki ya umeme maji hayo hayaondoki yenyewe, kwa sababu boksi halipati joto la injini la kuyageuza mvuke. Chanzo mara nyingi ni kuosha kwa mashine ya presha huku ncha ikielekezwa kwenye sili, yaani mpira unaozuia oili isivuje, au kwenye kitundu cha kupumulia cha boksi.

Halafu pima ulichomwaga. Kimimine kwenye chombo chenye alama za mililita na ulinganishe na kiasi kilichoandikwa kitabuni. Ninalisisitiza hili kuliko yote kwa sababu boksi hubeba oili kidogo, kwa pikipiki nyingi ni mililita mia chache tu, na upungufu ambao kwenye injini kubwa usingeutambua, hapa ni sehemu kubwa ya kilichokuwepo. Kilichobaki kimenata kwenye gia na kuta hakizidi kidogo. Ikiwa kimepungua sana, tafuta unyevunyevu chini ya boksi na nyuma ya sproketi. Ukiukuta, sili ya nje imechoka, na hilo ni tatizo la kawaida. Ukikosa alama yoyote nje, mshukiwa wa kwanza ni ile sili iliyo kati ya gia na mota. Oili inayopenya hapo huingia ndani ya mota isiyoundwa kuipokea, huvuta vumbi, na inaweza kuharibu vihisio vinavyoiambia kontrola, yaani kifaa kinachoiongoza mota, kwamba rota, sehemu ya mota inayozunguka, iko wapi. Fundi anayeambiwa "ilitoka nusu tu na nje ni pakavu" anajua pa kuanzia siku hiyo hiyo.

Kujaza kunakwenda haraka. Rudisha boliti ya chini ikiwa imefutwa sumaku yake na kuvishwa washa mpya, ile pete bapa ya kuzibia, kwa kuwa washa ya shaba au aluminiamu huziba kwa kubonyea, na iliyokwisha kubonyea mara moja haina uhakika mara ya pili. Anza kwa vidole, kisha kaza kwa spana yenye kipimo hadi kiwango cha niutoni-mita kilichoandikwa. Ganda la boksi kwa kawaida ni la aluminiamu na boliti ni ya chuma. Ukizidisha, kinacholiwa ni meno ya ganda, na ganda ndilo ghali. Tia oili kwa bomba kubwa la sindano lenye mpira mwembamba, kwa sababu tundu la kujazia mara nyingi limebanwa na fremu na faneli haipati wima. Tia kiasi kilichotajwa kitabuni, si kiasi ulichomwaga. Ngoja ishuke, kisha hakiki kwenye kioo au tundu la kiwango. Kuzidisha si akiba: oili iliyojaa mno hupigwapigwa na gia, hufanya povu, hupata joto, na husukuma njia ya kutoka kupitia kitundu cha kupumulia au ile sili ya mota.

Kabla ya kupanda, futa kila kitu kwa kitambaa kikavu, hasa tairi la nyuma na diski ya breki, ambayo ikiguswa na tone moja husafishwa kwa dawa ya breki na si kwa kitambaa peke yake. Endesha polepole mwendo mfupi, rudi, na upitishe karatasi nyeupe chini ya boliti zote mbili. Sikiliza pia. Gia zenye meno yaliyonyooka huvuma hata zikiwa nzima, na mvumo maarufu wa LiveWire unatokana na gia zake za pembe, kwa hiyo mvumo peke yake usikutishe. Linalostahili kuulizwa ni badiliko, kwa mfano sauti ya kusaga ambayo wiki iliyopita haikuwepo. Kagua tena kesho yake asubuhi, pikipiki ikiwa imelala usiku kucha. Andika tarehe, kilomita, aina ya oili, kiasi kilichotoka na kiasi kilichoingia, na utunze risiti pamoja na maandishi hayo ikiwa dhamana ya pikipiki haijaisha.

Oili iliyotoka itie kwenye chupa yenye kifuniko kinachokaza, uiandike ni nini, na uipeleke kwenye gereji au kituo kinachopokea oili chafu. Usiichanganye na maji ya rejeta wala oili ya breki, kwa kuwa mchanganyiko huo hufanya oili nzima isiweze kusafishwa na kutumika upya, na mpokeaji anaweza kuikataa.