Rangi ya kitako cha bunduki inabanduka: nirudie vipi?

*Fundi, shikamoo. Niko Mbezi, nina bunduki ya kuwindia niliyo na leseni nayo. Kitako chake si cha mbao, nadhani ni faiba. Mwezi wa nne nilikipulizia rangi nyeusi ya kopo hapo barazani. Hazikupita wiki mbili, ikaanza kubanduka ninapoegesha shavu na ninaposhika. Nirudie kwa rangi ya gari, ile ya kuchanganya na hadina, dawa ya kukazia rangi?*

Marahaba. Hiyo hadina iache kwanza. Ina kemikali inayoumiza mapafu, na barakoa ya kitambaa haiizuii. Hiyo ni kazi ya gereji yenye vifaa, si ya baraza ambapo watoto wanapita. Kopo linatosha.

Rangi ikitoka vipande vipande kama ganda la kitunguu, jua haikushika tangu siku ya kwanza. Kitako kinashika jasho lako na mafuta ya kusafishia mtutu miaka nenda rudi, na thina ya kupangusa juujuu huyasambaza tu. Osha kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu, suuza, kausha, ndipo upige msasa. Ukianza na msasa unayasukumia mafuta ndani ya mikwaruzo.

Halafu hiyo "nadhani ni faiba" ndiyo inayonitia shaka. Fungua mpira wa begani, ukikwangue kitako kwa kisu, kidogo tu, pale pasipoonekana. Ukitoka unga mkavu, pengine na nyuzi, ni faiba kweli. Ukitoka unyoya uliojikunja, ni plastiki ya kumimina, na hapo utahitaji praima (rangi ya chini ya kushikisha) ya plastiki, ileile wanayopaka kwenye bampa za magari; maduka ya rangi za magari Kariakoo wataielewa. Vyovyote iwavyo, dawa ya kubabua rangi usiiguse, maana inaweza kula na kitako chenyewe.

Kabla ya yote, hakikisha bunduki haina risasi, toa kitako, na chuma chote kirudi kwenye kabati lake na kufuli. Kama hujawahi kukifungua, mpe fundi wa silaha mwenye leseni. Ziba kwa teipu ule mfereji ambamo chuma hulala. Rangi ikiingia humo chuma hakikai palepale, na shabaha inahama. Nimeona mtu akihangaika na darubini kumbe tatizo ni rangi.

Msasa namba 320, kisha 400 wa maji, hadi mng'ao wote ufe. Sugua kikiwa kimelowa, kwa sababu vumbi la faiba linawasha ngozi na halifai kifuani. Praima nyepesi, kisha rangi tabaka tatu nyembamba, kopo likiwa sentimita 25 hivi kutoka kitakoni, ukisubiri dakika kumi au kumi na tano kila tabaka.

Mwezi wa nne Dar ni masika, na unyevu ule huifanya rangi ya kopo iote ukungu mweupe. Subiri siku kavu, upulizie saa nne au saa tano asubuhi, umande ukiwa umekwisha na upepo wa bahari haujaanza kukuletea vumbi. Usikianike juani wala kukifungia kwenye buti la gari kiive haraka. Cha plastiki kitapinda. Kivulini, wiki nzima, ndipo ukifunge na kukishika.

Rangi nyeusi ni hiari yako, ila porini saa nane mchana utaijutia shavuni. Mimi ningepiga kaki isiyong'aa.